Jina la Mama Gachanja

Wangeci alikuwa amechoka kuambiwa arudi kesho. Tangu mvua ndefu ziishe alikuwa akifunga duka lake la dawa za mifugo pale Kabazi na kuteremka Nakuru kutafuta jina la mtu mmoja tu, na kila ofisi aliyoingia ilimkaribisha kwa kiti na kumtoa kwa pole. Hasira za kawaida alizaliwa nazo, na wateja wake wamezizoea. Hizi za ofisini zilimwelemea kwa sababu hakuwa na wa kumtolea.

Mtu mwenyewe alikuwa nyanya yake, mama mzazi wa baba yake, Mzee Gachanja. Wakati wa Hali ya Hatari, mkoloni alipokuwa akipigana na wapigania uhuru, Gachanja alikuwa mtoto mdogo wa kuangalia ndama kwenye shamba la mzungu huko Subukia. Siku malori yalipokuja kuwabeba Wakikuyu kuwarudisha walikotoka, yeye alikuwa malishoni. Baba yake, Muturi, alikuwa ameshafariki. Mama yake alipakiwa pamoja na wengine, lori likaondoka, na hakuna aliyesikia habari zake tena. Mpishi wa mzungu, mtu mmoja mwema aitwaye Makhanu, ndiye aliyemchukua mtoto akamlea kama wake, na baadaye akampeleka kwa mapadri akabatizwa.

Jina la mama yake Mzee hakulijua. Alipooa na kupata binti wa kwanza, ambaye kwa desturi yao angechukua jina la mama mzazi wa baba, hakuwa na la kumpa. Akampa la mama mkwe, ndilo hilo Wangeci. Wanaume wenzake wa rika lake wote wana binti wanayemwita Maitu, yaani mama, kwa sababu ya jina alilobeba. Utawasikia jioni wakiita kutoka ng'ambo ya shamba, Maitu, leta maji, Maitu, fungia ng'ombe. Mzee hakuwahi kupata wa kumwita hivyo, na Wangeci alikua akijua kwamba pengo hilo lilikuwa limekaa mahali pake.

Halafu mwaka huu Sue, binti ya Wangeci, akajifungua msichana. Sue hajaolewa, kwa hiyo jina la mtoto lingetoka upande wao, na zamu ilikuwa ya Wangeci mwenyewe. Alilitamani, kwa nini tufiche? Ni nani asiyependa kuona jina lake likianza kutambaa upya? Lakini alimwona baba yake amempakata yule malaika, na Wangeci akasema kwa mdomo wake mwenyewe kwamba zamu yake anamwachia nyanya. Ubatizo ukapangwa mwisho wa Agosti. Kilichobaki ni jina, na Wangeci akadhani hiyo ni kazi ya wiki moja.

Alianzia kwenye ofisi ya takwimu, kwa kuwa alisikia kwamba serikali imekuwa ikihesabu watu tangu enzi za mkoloni. Kijana wa pale alimweleza kwa upole uliomkera kuliko ukali. Fomu za sensa zenye majina ya watu hazitolewi ovyo, na zile hesabu za zamani za mzungu ziliwajumlisha Waafrika kwa wilaya, basi.

"Mathe, hapa utapata walikuwa wangapi," akasema. "Walikuwa akina nani, hiyo hautapata."

Akaenda Subukia kwa wazee waliobaki wa lile shamba, nako kukawa vilevile. Kikongwe mmoja, Chesang, ambaye pale wote humwita Gogo, yaani nyanya, alimkumbuka yule mwanamke vizuri sana, hata Wangeci akasogea ukingoni mwa kiti. Walikuwa wakichota maji pamoja mtoni. Alikuwa mrefu, ana pengo la meno ya mbele, na akicheka anaziba mdomo kwa leso.

"Na aliitwa nani?" Wangeci akauliza.

"Mama Gachanja."

"Najua ni mama ya Gachanja, Gogo. Jina yake yeye."

"Si ndiyo hiyo," Chesang akasema, akimshangaa. "Mama Gachanja. Sisi wote tulikuwa tunamwita hivyo."

Na kila mzee aliyeulizwa alijibu hivyohivyo, kwa furaha ya mtu aliyesaidia. Jina la Muturi walilikumbuka, la mzungu walilikumbuka, hata la dume lake la ng'ombe. Huyu mwanamke aliyezaa miongoni mwao, akalima na kucheka nao, walikuwa wamemfunika kwa jina la mtoto wake, jambo la heshima kabisa, na sasa chini ya ile heshima hakukuwa na kitu. Wangeci alirudi Kabazi amefura. Jirani alipomwita pale langoni, "Mama Sue, habari ya safari?" alipita bila kuitika.

Ikabaki parokia. Natalie, karani wa ofisi ya parokia, alimzungusha mwezi mzima. Mara vitabu vya zamani vimefungiwa, mara Father ameenda na ufunguo Mau Narok, mara njoo baada ya sherehe za somo wa parokia, yaani mtakatifu wake. Kisha siku moja, Wangeci akimpimia mteja dawa ya kupe, simu ikalia. Natalie alikuwa amenakili cheti cha ubatizo cha Mzee na kutuma picha. Jina: Yosefu Gachanja. Baba: Muturi. Mama: Ignota.

Wangeci alisahau mteja. Alifunga duka mchana kweupe, akakimbia hadi nyumbani huku ameshika ile simu kwa mikono miwili.

Wakatoliki wana majina yao, kila mtu anajua. Kabazi kuna Perpetua, kuna Redempta, kuna Immaculata wawili, kwa hiyo Ignota hakumshtua mtu. Mzee aliliangalia kwa muda mrefu, kisha akalisoma kwa lafudhi ya mapadri wa kale, maana utotoni aliitikia Misa ya Kilatini bila kujua hata neno moja lina maana gani. "Inyota," akasema. Majirani waliokuwa uani wakasikia Nyota, wakasema kumbe ni jina zuri namna hiyo. Mzee akaomba mtoto. Akamwinamia, akamwita Maitu kwa mara ya kwanza katika maisha yake yote, na Wangeci akaenda jikoni kulia.

Wiki zilizofuata Mzee alikuwa mtu mwingine. Alimwita mtoto asubuhi, alimwita jioni, alimwita hata pasipo na haja.

Kisha Alhamisi kabla ya ubatizo, Father Kipkemei akamwomba Wangeci abaki baada ya semina ya wazazi na wasimamizi. Alikuwa padri kijana, msomi, na siku hiyo alionekana kama mtu aliyemeza kitu cha moto. Aliuliza hilo jina la mtoto walilitoa wapi. Wangeci akamwonyesha simu. Father akaleta kitabu chenyewe, akakifungua, akaweka kidole chini ya neno.

"Mama Sue, hili si jina," akasema. "Ni Kilatini. Natalie alinakili vile aliona. Maana yake ni hajulikani."

Wangeci hakuelewa mara moja. Kisha akaelewa, na hasira ikampanda hadi masikio yakamuwaka. Alimkasirikia Natalie, akamkasirikia padri aliyeliandika, aliyezikwa zamani, akamkasirikia hata Chesang na ndoo zake za maji. Aliuliza kama wangeweza angalau kulirekebisha neno hilo kitabuni. Father akasema kitabu hakiguswi bila shahidi na barua ya ofisi ya askofu. Shahidi, jamani. Wangeci akacheka kicheko kibaya, akatoka.

Siku mbili alizunguka na lile neno kooni. Kila alipofungua mdomo kumwambia baba yake, alimsikia kule ndani akiita, "Maitu, umeamka?" na mdomo ukajifunga. Jumamosi akaona hana njia. Akampeleka parokiani pamoja na Sue na mtoto, ili Father aliseme mwenyewe. Ni woga, na alijua ni woga.

Mzee alisikiliza hadi mwisho, kofia ikiwa magotini. Hakuna aliyemwangalia. Natalie alijifanya kupanga fomu.

"Hiyo siku naikumbuka," Mzee akasema. "Makhanu alinishika mkono. Father akaniuliza kwa Kiswahili, mama yako anaitwa nani. Nikamwambia anaitwa Mama. Wakacheka, wote wawili. Father akaandika kitu. Mimi miaka yote nilijua ameandika vile nilisema."

Wangeci alikuwa amepekua Nakuru yote na Subukia yote, na shahidi alikuwa kwake nyumbani akinywa uji. Wala hata ushahidi wake haukuwa na lile walilolitafuta. Mtoto wa umri ule alikuwa na neno moja tu la kumtajia mama yake, akalitoa kwa moyo wote, na watu wazima wakaliona si kitu.

"Mtoto asibebe hiyo ya kutojulikana," Mzee akasema, akimgeukia Wangeci. "Mpe yako. Yako iko."

"Na wewe, Baba? Wewe utamwita nani?"

Mzee alimtazama yule mtoto kwenye mapaja ya Sue. Alinyoosha mkono akamgusa kisigino, kisha akaurudisha mkono kwenye kofia yake. Alisema mtoto akiwa Wangeci, basi atamwita Wangeci. Jina la mtu huitwa vile lilivyo.

Father Kipkemei akafunga kitabu cha zamani taratibu, akasema watatafuta somo wa mtoto hapo kesho kabla ya Misa. Natalie, kwa kutaka mambo yaende, akavuta fomu mpya, akaandika jina la mtoto, Wangeci, akaandika la Sue kwa ukamilifu, akafika mstari wa mwisho, wa mtu wa familia wa kuwasiliana naye. Kalamu yake ilienda yenyewe, kwa mazoea na kwa heshima: Mama Sue.

Wangeci aliinuka. Alimpokonya Natalie kalamu mkononi bila kuomba, akapiga mstari juu ya maneno yale mawili, kisha akapiga mwingine, karatasi karibu ichanike. Juu yake akaandika kwa herufi kubwa, polepole, jina lake na la baba yake, na akabaki amesimama pale mezani mpaka wino ukauka.