Mti wa Kumi

Mfuko wa nguo za Kadogo ulikuwa umeshafungwa, umeegemezwa mlangoni. Kesho shangazi angekuja kumchukua akalelewe na bibi yake, mpaka mama mtu apate kazi. Ndiyo maana Mama Kadogo alifika kwenye mtihani wa kuajiri watunza miti wa mji akirudia majina kimoyomoyo. Miti kumi, ukikosa mitatu, umekwenda na maji.

Na si kwamba hakusoma. Mwezi mzima, akienda darasa la jioni na Kadogo mgongoni, alikariri njia nzima: mwarobaini wa kwa fundi viatu, mjohoro wa duka la dawa, mzambarau wa kituoni.

"Leo hatupiti barabarani," msimamizi akasema. "Tunapita nyuma, uwanja wa hospitali."

Huku nyuma hapakuwa na fundi viatu wala duka la dawa. Ilikuwa miti tu, kijani kwa kijani. Mwarobaini usio na fundi wake hakuutambua. Mjohoro nao ukampita hivi hivi. Miwili hiyo; wa tatu ungemmaliza.

"Dada, umelogwa?" mkata majani, mwenzake wa darasani, akamnong'oneza. "Si wewe jana ulikuwa unatufundisha?"

"Niache, kaka. Nitalia hapa."

Akajikaza, mti baada ya mti, hadi wa kumi. Mrefu, majani membamba kama sindano.

"Msonobari huo," mkata majani akamnong'oneza. "Sema tukapumzike."

Hata yeye neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Lakini kwanza akaokota jani moja ili apate cha kushika. Akalivuta. Tk, likaachana kwenye kiungo. Akavuta tena. Tk.

Akahisi shingo ikimwasha. Kila jioni, wakipita nje ya shule, Kadogo alidaka majani kama haya, akayakata kipande kipande na kummwagia mama yake shingoni, akicheka. Naye humkaripia: "Baba wewe, unanichafua!" Na ule mti wa shuleni mwalimu wa jioni aliwaambia ni…

"Mvinje," akasema.

"Ala!" mkata majani akashika kichwa.

Msimamizi akafunga daftari. "Jumatatu, saa moja asubuhi. Uje na buti."

Hakukumbuka hata kuaga. Alipiga simu huku anatembea, karibu kukimbia.

"Shangazi, usije kesho. Hapana, hajaugua. Ndiyo, nalia. Wewe usije tu."