Vidole Kumi na Visigino Viwili

Kila Jumamosi asubuhi Mutindi alivua ndala na kufagia kaburi la mumewe, Mulei, nyuma ya duka la mabati na misumari hapo Kasikeu. Ploti ilikuwa yao. Mulei aliikodisha kwa Nthiwa, mzee wa kanisa lao, na mkataba uliisha Desemba 2012, miezi michache baada ya mazishi. Nthiwa aliacha kulipa kodi. Kutoka hakutoka.

Mwaka mmoja baadaye Mutindi alimaliza kufagia, akatazama nyuma, akaona nyayo zake zimekosa kidole kimoja, kile kidogo cha kushoto. Mguuni kilikuwepo. Alipofika barabarani, vyote kumi vilichapika vizuri. Mwaka wa pili kikakosekana kingine.

Alipeleka mambo yote mawili, ploti na vidole, kwa kamati ya upatanisho, maana kanisani kwao ndugu hampeleki ndugu kortini. Kamati ilifungua kwa sala na kufunga kwa sala.

"Hili tuliweke kwa maombi," mwenyekiti alisema.

Katibu aliandika: vidole viwili. Mwaka uliofuata akasahihisha: vitatu. Inauma kusema, lakini waliomba kwa moyo kabisa, na Mutindi akawaamini. Vidole vilipoisha, vikafuata visigino.

Januari 2025 alipanda gari hadi mjini Wote, kwa wakili Mwau, akiwa na mchanga wa ploti kwenye pakiti ya unga. Mwau aliumwaga sakafuni, akausawazisha kwa rula.

"Kanyaga, mama."

Mutindi akakanyaga. Mchanga ukabaki laini. Mwau alikuwa ameona mwingine kama huo wiki iliyotangulia, kutoka Nuu.

"Alikuandikia mahali popote akikubali ploti ni yako?"

"Alinitumia message. Alisema, dada, tumwachie Mungu."

"Na wewe ulikuwa wapi hii miaka yote kumi na mbili?"

"Kwa kamati ya kanisa."

"Hiyo kamati haisimamishi miaka, mama. Mtu akikalia ardhi yako miaka kumi na mbili bila kesi, sheria inampa. Ungekuja hata Novemba, ukiwa bado na kisigino kimoja, tungefile kesi."

Alimrudishia mchanga wake wote. Mutindi alilia kidogo kwenye ngazi, kisha akatafuta gari la kurudi.

Jumamosi alifagia kama kawaida. Nthiwa akatoka na funguo mkononi.

"Bwana asifiwe, dada."

"Amina. Mzee, nikuulize kitu. Siku yangu ikifika, utakubali nilazwe hapa, kando ya Mulei?"

Nthiwa aliangalia ardhi iliyofagiliwa. Kulikuwa na alama za viatu vyake na za kuku. Alimhurumia kweli, hata machozi yakamlengalenga.

"Hilo tuliweke kwa maombi, dada."

"Amina," Mutindi akasema. Ilimtoka tu, kwa mazoea.