Mwaka Ambao Hesabu Zilitoka Sawa

Kazini waliniita Mizani, nami nililipenda jina hilo kuliko nililopewa na wazazi. Miaka ishirini na sita nilikaa ofisi ya bajeti, na katika miaka yote hiyo ni mmoja tu ambao serikali haikutumia zaidi ya ilichopata. Kwa mwaka huo mmoja nimekula sifa mpaka nimestaafu.

Kwa hiyo kamati ya katiba ilipokuja kukusanya maoni juu ya kifungu kipya, kile cha kuilazimisha serikali iishi ndani ya mapato yake, niliitwa kama mtaalamu. Wananchi wengine walipewa dakika tatu, mimi ishirini. Nikasema ninayoyaamini hata sasa: kwamba riba ya madeni inakula madawati na dawa kabla hazijanunuliwa; kwamba tunakopa kwa jina la wajukuu ambao hawajazaliwa, wala hakuna aliyewauliza; kwamba mwanasiasa mwaka wa uchaguzi hana breki, basi breki tuifunge kwenye katiba, asikoweza kuing'oa.

"Na inawezekana," nikamalizia, kifua mbele. "Tuliwahi kufanya." Ukumbi mzima ukapiga makofi.

Namba hamsini na nne alikuwa shangazi yangu. Sikujua kama naye amepanga foleni. Ndiye aliyenilea baba alipofariki, kwa mshahara wa kufagia wodi ya wazazi. Aliishika maikrofoni kwa mikono miwili, kama mtu aliyeshika kuku anayetaka kutoroka.

"Mimi naunga mkono," alisema. "Hawa wakubwa wasipobanwa watakopa mpaka mashuka ya wodini. Huo mwaka anaousema mwanangu naukumbuka. Pensheni yangu ilikatika miezi mitatu. Mzee wangu akawa anameza vidonge vya presha nusu nusu, mwisho akapooza mkono wa kulia, na yeye ni fundi saa. Lakini tukavumilia, nchi ikasimama."

Pensheni haikukatika yenyewe. Ilibaki miezi mitatu tufunge mwaka, hesabu zimegoma, nikaandika barua ya mistari minne: malipo ya wastaafu yasogezwe mwaka unaofuata. Kwenye karatasi tukatoka sawa. Kisha mzee alipolazwa nikaenda hospitalini na mfuko wa machungwa, nikamwambia shangazi mtambo wa malipo umeharibika. Hata machungwa yenyewe nilikula mawili.

Mwenyekiti wa kamati, mwanasheria mwenye miwani kwenye ncha ya pua, akauliza, "Mama, ilikatika kwa nini?"

"Mtambo uliharibika. Muulizeni mwanangu, si huyo hapo?"

Maikrofoni ikarudi kwangu, taa yake nyekundu ikawaka. Nilijua kwamba ukweli usingekiua kifungu. Kifungu kiliuhitaji, maana kisipokataza ujanja kama wangu, kitazaa akina Mizani wengine. Ungeniua mimi tu. Nikamtazama shangazi. Alikuwa ananitabasamia vilevile alivyokuwa akinitabasamia siku za matokeo ya mtihani.

"Ndiyo, mheshimiwa," nikasema. "Ulikuwa mtambo."

Karani wa kamati akaandika. Mwenyekiti akaita namba hamsini na tano.

Nje, shangazi alinishika mkono hakuuachia, akimwambia kila aliyepita, "Huyu ni wangu." Akaning'ang'ania mpaka nikakubali kwenda kwake kumsalimia mzee. Tulimkuta kwenye meza yake ya kazi, mbele yake saa za watu alizoshindwa kuzimaliza tangu mwaka ule, redio ikiendelea kurusha kikao cha kamati.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Alimsubiri shangazi aingie jikoni, ndipo akapunguza sauti ya redio. "Nimekusikia."

"Asante, baba."

"Mwenyekiti alipokuuliza habari ya mtambo, ulinyamaza sekunde kumi na moja. Nimezihesabu."

Nilifungua mdomo nimwambie yote, barua, mistari minne, kila kitu. Akaninyamazisha kwa mkono wa kushoto.

"Shangazi yako usimwambie," alisema. "Hana kingine cha kujivunia."