Mstari wa Mama Rodah

Mama Rodah alikuwa bado amesimama kando ya spika, ameinamisha kichwa kidogo, akingoja sauti yake irudi. Mimi nilijua hairudi. Niliendelea kupiga gitaa huku nikitabasamu.

Wakati huo nilikuwa mtu wa one-man guitar, mpiga gitaa wa sherehe asiye na bendi, na jina langu lilijengwa na kidude kimoja cha kukanyaga kwa mguu. Ukikikanyaga, kinanasa unachoimba, kisha kinakirudia bila kuchoka huku ukiongeza sauti nyingine juu yake. Desturi yangu ilikuwa moja: anayesherehekewa anaimba mstari mmoja, naunasa, na wimbo mzima naujenga papo hapo juu ya sauti yake. "Ooko anapika mbele ya macho yenu," nilizoea kujigamba. "Haleti kiporo."

Lakini wiki iliyotangulia, huko Sosiot, mguu ulichelewa, sauti zikagongana, na watu wakanicheka mpaka nikazima mitambo. Nikarudi nyumbani nikarekodi wimbo mzima, kila sauti yangu mwenyewe, nikauweka kwenye simu. Siku ya kumuaga Mama Rodah pale Mogogosiek, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuchuna majani chai, nilipeleka kiporo. Kidude nilikikanyaga tu watu waone. Hata taa yake haikuwaka.

Binti yake, Sally, alikuwa ameniambia mama amefanya mazoezi ya mstari ule wiki nzima, na kifua chake kibovu, ili wajukuu wamsikie ndani ya wimbo.

Akaimba. Sauti ilikuwa nyembamba, ya kukwaruza, lakini alifika nayo mwisho. Nikakanyaga, nikabonyeza simu. Ooko kumi wakaimba kwa mpigo, Rodah hata mmoja. Watu wakainuka kucheza. Yeye akabaki palepale mpaka wimbo ukaisha.

Nilikuwa nakunja nyaya aliponijia, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, vidole bado vyeusi kwa utomvu wa chai.

"Ooko, usikasirike," alisema. "Nafikiri niliimba chini sana. Si unajua kifua yangu. Nimekuharibia wimbo."

Ukweli ulikuwa mdomoni, na simu ilikuwa mfukoni, bado ina joto. Nimeona aibu nyingi maishani, ila ile ndiyo huniamsha.

Nilimwambia si kitu, nimemsamehe. Akanishukuru.