Bibi Harusi Anataka Kushuka

Uchovu una aina zake, na wa mpiga pasi wa hospitali ni ule wa kwenye nyayo. Kutwa anasimama mbele ya mashine ya mvuke akinyoosha mashuka ya wagonjwa, na akirudi nyumbani hakai. Anapitiliza uani, kwenye kitalu nyumba cha nailoni ambacho mumewe alikijenga kwa ajili ya nyanya, kisha akakijaza vinyonga. Nyanya zilikufa zamani. Mume naye akapata kazi mbali, akaaga, akamwachia mkewe bomba la kunyunyizia maji na maelezo kibao.

Basi kila jioni analowesha majani, maana kinyonga hana habari na maji ya bakuli, anangoja tone lidondoke. Anawatafutia na panzi. Akilalamika kwenye simu, mume anambembeleza ajikaze kidogo tu. Hicho kidogo kimeshakuwa miaka.

Kati ya wote anampenda mmoja, Bibi Harusi, aliyeitwa hivyo kwa kubadilisha mavazi. Sasa tumbo lake limejaa mayai, na asipoyataga atakufa nayo. Mume alishaeleza: awekewe mchanga wenye unyevu, atashuka mwenyewe achimbe. Mpiga pasi akajaza karai zima. Lakini kila akirudi anamkuta Bibi Harusi juu ya tawi, kajikunyata, macho yamezama, na mchanga umechakurwa juujuu. Mume akauliza kama hakuuacha mchanga ukakauka. Swali hilo lilimuuma kuliko nyayo.

Siku ya mapumziko ndipo alipojua. Mama mkwe, anayeshinda nyumbani, alimfuata kitaluni akajisifu kidogo: yule maskini kila siku anaanguka, anahangaika kwenye mchanga, naye kila siku anamwokota kwa kitambaa na kumrudisha juu. Wala hachoki, alisema, aliyeanguka huinuliwa, haachwi chini.

Mpiga pasi alitaka kucheka, akataka kulia. Mama huyu hana baya na mtu. Utamgombezaje mkubwa wako kwa wema?

Bibi Harusi akaanza kushuka tena, mguu baada ya mguu, akitetemeka. Alifika karaini, akachakura, akatulia, akachakura. Mkono wa mama mkwe ukanyooka. Mpiga pasi akaudaka.

"Mwache, mama. Hajaanguka. Amechoka kubeba, anataka autue mzigo."

Mpiga pasi akakaa pale pale kwenye udongo na gauni lake safi, akalia kilio ambacho hakikuwa cha kinyonga. Siku zote mama mkwe angesema inuka mwanangu, utachafuka. Safari hii aliurudisha mkono wake, akamwacha akae. Karaini, kichwa cha Bibi Harusi kilikuwa kimeshaingia shimoni.

Simu ikaita ndani ya nyumba. Ni saa ya mume kuulizia vinyonga wake. Mpiga pasi akashika ukingo wa karai ili ainuke. Mama mkwe akamkandamiza bega, akaenda kupokea mwenyewe, na sauti yake ikapenya hadi kitaluni:

"Mkeo amekaa chini, mwanangu, na leo simwinui. Hao wadudu wako njoo uwanyweshe mwenyewe."