Maji ya Dada na Shemeji

Dada yake alipompigia simu kumwambia aje wakapumzike pamoja mtoni, mshonaji alifunga cherehani siku hiyohiyo. Ndugu hao hawakuwa wamelala chini ya paa moja tangu mkubwa aolewe. Alikwenda na mfuko wa nguo na moyo mweupe.

Kumbe ameitwa kazini.

Shemeji alikuwa amekodi gari-nyumba, refu kama basi, lenye vitanda, jiko na choo ndani. Walipoegesha tu, akamkabidhi chujio: mpira mmoja unatumbukizwa mtoni, mwingine unaingizwa kwenye dumu, katikati kuna pampu ya mkono.

"Kazi kwako, shemeji. Sisi matumbo yetu laini."

Maji yalitoka kwa shingo upande. Kufikia mchana mabega yake yalikuwa yanawaka moto. Dumu la kwanza dada alioshea nywele. La pili shemeji alisafishia vioo vya gari. Mshonaji alipoinamia lililofuata na kikombe chake, dada akamdaka mkono.

"Hayo ni ya kunywa."

"Si ndiyo nataka kunywa, dada?"

"Wewe kunywa ya mtoni. Umezoea."

"Nimezoea wapi? Tumekulia nyumba moja, bomba moja!"

Dada akamtupia mumewe jicho, akacheka kwa nguvu kana kwamba ni mzaha.

"Basi niyachemshe."

"Gesi ni ya kupikia," alisema shemeji, macho kwenye simu.

Juu kidogo ya mto, ng'ombe walikuwa wamesimama majini, wanakojoa bila haraka. Mshonaji aliwaona. Koo lilikuwa limemkauka kama karatasi. Akachota, akafumba macho, akanywa.

Kesho yake tumbo lilichafuka. Akakimbilia choo cha gari, akakuta kimefungwa.

"Tangi litajaa," dada alisema kupitia dirisha. "Vichaka vyote hivyo huvioni?"

Alikwenda vichakani mpaka miguu ikagoma, akaishia kulala kando ya tairi. Kutoka ndani aliwasikia vizuri.

"Anajidai huyo," alisema dada. "Tangu utotoni anapenda kuonewa huruma."

"Sawa, lakini maji atachuja nani?"

Mzee mmoja na mkewe, waliokuwa na hema jirani, ndio waliomkuta hapo na kumpeleka hospitali. Shemeji alisaidia kumbeba hadi kwenye gari lao, akafunga mlango, akarudi kwenye chai yake.

Dada alikuja wodini wakati dripu ya pili inaning'inia. Alisimama mbali na kitanda, leso puani.

"Pole. Hivi, lile chujio uliliweka wapi? Tumepekua gari zima. Maji yalituishia, na shemeji yako anaharisha tangu jana."

Mshonaji alikumbuka wazi: kabati la juu, nyuma ya mashuka. Alikuwa amelikausha na kulihifadhi kwa mikono yake.

"Sikumbuki."

"Jaribu, mdogo wangu. Hali yake mbaya."

Mdogo wangu. Safari nzima hakuwa ameitwa hivyo. Aliutazama uso wa dada yake, midomo imepauka, jasho kwenye paji. Ilionekana na yeye tumbo limeshaanza kumkata.

"Sikumbuki kabisa," akasema taratibu.

Nesi aliingia kubadilisha dripu. "Huyu ni ndugu yako?"

"Hapana. Tulikuwa majirani zamani."

Dada alifungua mdomo, akaufunga ghafla, akajikunja akishika tumbo, akauliza choo kiko wapi.

"Cha wageni kiko nje, nyuma ya jengo," alisema nesi, na mshonaji akageukia ukutani.