Mjane wa Mogesi

Mimi niliolewa na mwanamke, na sioni aibu kusema. Mogesi alikuwa mjane asiye na mtoto, miguu yake imekufa ganzi, lakini ng'ombe alikuwa nao. Akatoa mahari kwa baba yangu, kijijini Genkuru, nikaingia kwake kwa nyumba ntobhu, kama sisi Wakurya tunavyofanya, mwanamke kumwoa mwanamke ili nyumba isife.

Usidhani nilikuwa yaya wake. Nilichota maji nikayaweka mkono wake unapofika, kuni nikazipanga upande wa kushoto, mwiko nikauweka upande wa kulia. Mengine alifanya mwenyewe. Ugali wa mtama aliusonga ameketi kwenye kigoda, na ukijaribu kumsaidia anakufokea mpaka majirani wanasikia.

"Verdiana, mke wangu, mimi bado sijafa!"

Mwaka 1974 ikaja Operesheni Vijiji. Watu wote wahamie kijiji kipya, kila kaya ipewe kiwanja chake. Nikambeba Mogesi mgongoni mpaka mkutanoni. Bwana mmoja kutoka wilayani akatuuliza mkuu wa kaya yetu ni nani.

"Ni mimi," Mogesi akajibu. "Na huyu ni mke wangu."

Yule bwana akacheka mpaka akatokwa machozi. Akamgeukia mwenyekiti wetu, Magige. "Mwenyekiti, ndivyo mnavyoishi huku?"

Sasa Magige huyo ndiye aliyekuwa mshenga wetu! Alikunywa pombe ya harusi yetu mpaka akalala zizini. Nilimkazia macho, maana neno lake moja tu lingetupatia kiwanja.

"Hapana, mzee," akasema, akiangalia viatu vyake. "Bibi huyu amechanganyikiwa kidogo. Huyo binti ni mtumishi tu."

Basi. Mogesi akapelekwa kwa Heche, mtoto wa shemeji yake, eti akatunzwe. Mimi nikarudishwa kwa baba, na ng'ombe wa mahari nao wakarudishwa, lakini kwa Heche.

Wakati wa mavuno nilikwenda kumwona. Nilimkuta amekaa kwenye ngozi, mikono mapajani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Mke wa Heche akajisifu, "Hatumwachii ashike kitu chochote. Hata tonge tunamtia mdomoni."

Nilisubiri Mogesi amfokee. Hakumfokea. Nilirudi Genkuru nikilia kwa hasira njia nzima.

Kabla mtama uliofuata haujapandwa, Mogesi akafa. Magige mwenyewe ndiye aliyekuja kuniita. Siku ya mazishi bwana wa wilayani hakuwepo, na kwetu mjane ndiye anayetangulia kutupa udongo.

"Mjane wa Mogesi apite mbele," Magige akatangaza, tena kwa sauti kubwa.

"Mjane yupi?" nikauliza. "Si mlisema alikuwa na mtumishi tu?"

Wazee wakakohoa. Magige akaangalia viatu vyake, vilevile kama siku ile. "Mama, tafadhali. Usituletee mkosi."

Nilipita mbele, lakini si kwa ajili yao. Njiani nilikuwa nimepitia nyumba yetu ya zamani, paa limeshaanguka, nikaokota mwiko wake kwenye majivu. Nikauteremsha kaburini upande wa kulia, mkono wake unapofika. Halafu nikatupa udongo wangu.